Taimingi na jeti za gari la dragi: mwongozo kwa anayeanza Dar es Salaam

Maswali ni yale yale: "Niweke jeti namba ngapi?" na "Taimingi niifunge wapi?" Jeti ni kile kitundu kinachopima mafuta au hewa ndani ya kabureta, na taimingi ni digrii ambazo cheche inawaka kabla pistoni haijafika kilele. Muulizaji ana Corolla ya zamani au pikapu yenye injini ya 5K. Kapata kabureta ya Weber kwa tabu, kaifunga, gari linaunguruma vizuri, lakini kwenye mita 402 za dragi, zile mbio za mstari ulionyooka, linaachwa. Anataka namba. Namba ya kumpa mtu kwa simu haipo, ila njia ya kuifikia ipo, na haihitaji ujuzi wa ajabu. Naiandika yote hapa kwa sababu inaniuma kuona pistoni zinatoboka bila sababu.

Mwongozo huu ni wa injini ya petroli ya silinda 4, isiyo na tabo, yenye distributa (kigawa cheche) na kabureta. Mifano ya jeti ni ya Weber 40 DCOE. Ukiwa na Solex au Mikuni utaratibu ni huu huu, ila namba za jeti hazilingani, kwa hiyo usizihamishe. Ukiwa na Altezza au Subaru yenye EFI, taimingi na mafuta yako viko kwenye kompyuta ya gari na kazi yake ni nyingine kabisa.

Dar iko usawa wa bahari

Hili naliweka mbele kwa makusudi. Kabureta nyingi nzuri zinazofika hapa zimetoka kwenye magari ya rali ya Arusha au Nairobi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na Nairobi iko juu zaidi. Kule hewa ni nyepesi, hivyo fundi wa kule anaweka jeti ndogo, na kwa kule yuko sahihi. Ukiishusha kabureta hiyo hadi Temeke bila kugusa kitu, injini inapata hewa nzito zaidi huku jeti zikibaki ndogo. Mafuta yanapungua, joto ndani ya silinda linapanda, na gari litakupa raha ya muda mfupi kabla pistoni haijaanza kuyeyuka. Mtu akikuambia "usiguse, hii imeshatuniwa", muulize ilituniwa mji gani.

Joto nalo lina lake. Hewa ya nyuzi 33 za alasiri ya Februari ni nyepesi kwa karibu asilimia 4 kuliko hewa ya nyuzi 22 za asubuhi ya Julai, hata kabla hujahesabu unyevu. Jeti iliyokaa sawasawa mchana wa kiangazi inaweza kuwa ndogo asubuhi ya kipupwe.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Taa ya taimingi, ya kubana kwenye waya wa plagi namba 1.
- Kizuizi cha pistoni: plagi ya zamani iliyotolewa kauri, kisha ikafungwa bolti yenye ncha ya mviringo. Mafundi wa mashine za kuchonga pale Gerezani wanakutengenezea bila shida.
- Jeti kuu za saizi angalau nne zinazofuatana, jozi kamili, pamoja na jeti za hewa saizi tatu.
- Plagi mpya seti mbili, na kioo cha kukuzia chenye taa.
- Geji ya presha ya mafuta inayosoma psi ndogo, kuanzia 0 hadi 15.
- Kipimo cha GPS cha kusoma mara 10 kwa sekunde. Simu ya kawaida husoma mara moja tu kwa sekunde, haitoshi.
- Mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu, helmeti, na springi mbili za kurudisha mkono wa mafuta kwenye kabureta unapoachia mguu. Mbili, si moja.
- Daftari. Andika saa, joto, jeti, taimingi, muda wa mita 18 za kwanza na spidi ya mwisho.

Ukipata nafasi ya kufunga kipimo cha oksijeni kwenye ekzosi, kile cha kusoma uwiano wa hewa na mafuta, kifunge. Kitakupunguzia nusu ya kazi.

Injini nayo iwe nzima. Kompresheni za silinda zote ziwe karibu sawa, vali ziwe zimepimwa, kusiwe na hewa inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi. Injini mbovu haituniwi.

Kuhusu mahali pa kujaribia: Barabara ya Bagamoyo usiku wa manane si uwanja wa majaribio, na Barabara ya Kilwa pia si uwanja. Kuna bodaboda isiyo na taa, kuna mtu anavuka. Subiri siku ya mashindano yenye kibali, au tafuteni kwa pamoja eneo lililofungwa kwa ruhusa ya mwenye eneo na polisi wa usalama barabarani. AAT (Automobile Association of Tanzania) ndiyo inayosimamia michezo ya magari nchini, anzia huko.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta kilele halisi cha pistoni. Usiamini alama ya puli. Kwenye injini za umri huu, puli nyingi zimeshabadilishwa, na nyingine zina mpira katikati ambao umeteleza, kwa hiyo alama imehama. Toa waya wa betri, toa plagi zote, funga kizuizi kwenye silinda namba 1. Zungusha krenki kwa spana na mkono, polepole, hadi pistoni iguse kizuizi. Weka alama kwenye puli mkabala na kiashirio. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele kilipo. *Onyo:* usitumie stata hata kwa sekunde moja kizuizi kikiwa ndani. Utatoboa pistoni.

2. Chora digrii kwenye puli. Pima kipenyo cha puli, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 360. Puli ya milimita 130 inakupa milimita 1.13 kwa kila digrii. Hivyo digrii 10 ziko milimita 11.3 kutoka kwenye kilele, digrii 20 ziko 22.7, digrii 30 ziko 34, na digrii 34 ziko 38.6. Chora vipimo hivi kwenye ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye puli, kisha hamishia kwa msumari wa kuchorea chuma na rangi nyeupe. Hakikisha unachora upande unaofika kwenye kiashirio *kabla* ya kilele puli inapozunguka kawaida. Wengi wanakosea hapa, na kosa hili linakufanya ufunge taimingi kinyume huku taa ikikuonyesha kila kitu ni safi.

3. Kagua distributa. Fungua, toa sahani, tazama vile vyuma viwili vya uzito na springi zake. Vinatakiwa kufunguka na kurudi bila kukwama. Vikiwa na kutu au grisi iliyoganda, taimingi yako itabadilika kila unapokimbia. Kumbuka distributa inazunguka nusu ya krenki, kwa hiyo digrii 10 zilizoandikwa ndani yake ni digrii 20 kwenye puli. Mpira wa vakyumu utoe na uzibe mdomo wake kwenye manifoldi. Kwenye dragi unakanyaga mwisho mwanzo hadi mwisho, hauna kazi.

4. Hakikisha petroli inafika, na ni petroli. Weber inataka psi 2.5 hadi 3.5. Pampu ya EFI iliyotolewa kwenye gari la mtumba inasukuma psi 40 na zaidi, itafurika hadi kwenye ekzosi na unaweza kuunguza gari. Pima pia ujazo: chomoa mpira kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, iache pampu isukume. Kwa injini ya nguvu za farasi 100 hivi, lita 1 kwa dakika ni akiba nzuri. Fanya hivi injini ikiwa baridi, mbali na cheche yoyote. Iache chupa itulie uone kama kuna maji chini, hasa msimu wa masika. Nunua kituo kimoja unachokiamini. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaanza kugonga mapema, na utapoteza siku nzima ukihangaika na taimingi ambayo haina kosa.

5. Weka jeti za kuanzia. Namba ya jeti ya Weber ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita: 120 ni milimita 1.20. Angalia namba ya venturi, yaani koo la ndani ya kabureta, izidishe kwa 4. Venturi ya 30 inakupa jeti kuu ya 120. Jeti ya hewa ongeza 50, hivyo 170. Hapo ni kwa Weber mbili, kila silinda na koo lake. Ukiwa na Weber moja inayolisha silinda nne, panda zaidi kwa saizi mbili. Kisha, vyovyote iwavyo, ongeza saizi mbili nyingine kwenye jeti kuu ili uanze mafuta yakiwa yamezidi. Kazi ni rahisi: fungua kile kifuniko cha mviringo chenye nati ya mabawa juu ya kabureta, jeti kuu, za hewa na za sailensa ziko chini yake. *Onyo:* usitoboe jeti kwa biti. Kutoka 120 kwenda 125 tu, eneo la tundu linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 8. Biti ya mkono haiwezi usahihi huo, na ukingo unaoachwa na biti unabadilisha mtiririko hata kama kipenyo ni sawa.

6. Funga taimingi ya usalama. Washa, injini ipate joto la kawaida, bana taa kwenye waya namba 1. Panda resi taratibu hadi alama iache kusogea, kwa kawaida kabla ya mizunguko 3,500 kwa dakika. Hapo ndipo unaposoma taimingi kamili, na ndiyo inayokuhusu kwenye dragi. Ifunge digrii 28. Kugeuza mwili wa distributa kinyume na mzunguko wa rota kunaitanguliza cheche, kuufuata mzunguko kunaichelewesha. Usihangaike kwanza na namba ya sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Distributa inayoongeza digrii 20 itakuacha na 8 gari likiwa limesimama, na hiyo haina tatizo. Funika au funga nguo zako mbali na feni.

7. Panga sailensa na mwanzo wa mafuta. Skrubu za mchanganyiko zianze mzunguko mmoja na nusu kutoka zilipofungwa, kisha tafuta pale injini inapokwenda laini zaidi. Ikibidi ufungue mbali sana, jeti ya sailensa ni ndogo. Jeti hii ndogo ndiyo inayolisha injini hadi karibu mizunguko 3,000. Ndiyo maana mtu anabadilisha jeti kuu mara tano na gari bado linajikwaa chini: anagusa jeti ambayo bado haijaanza kazi.

8. Kimbiza mara ya kwanza, usome plagi. Funga plagi mpya. Ondoka kawaida, kanyaga mwisho hadi mstari, na pale mwisho, mguu ukiwa bado chini, kata umeme na kanyaga klachi kwa pamoja. Liache gari litembee lenyewe lisimame. Usirudi ukiendesha, vutwa au toa plagi hapo hapo. *Onyo:* ukate kwa swichi ya pembeni, si kwa ufunguo. Ufunguo ukigeuka sana unafunga usukani. Na injini ikizima, breki ina msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kwa hiyo usipampu.

Kusoma plagi kunahitaji utulivu, basi nitakaa hapa kidogo. Shika kioo cha kukuzia na utazame ndani kabisa, chini ya kauri, pale inapozama kwenye chuma. Ncha ya kauri itabaki karibu nyeupe hata mafuta yakiwa sawa, kwa sababu petroli ya siku hizi haina risasi, hivyo ncha isikutishe. Unachotafuta ni pete nyembamba ya kahawia iliyoiva kule chini. Masizi yakipanda hadi katikati ya kauri, mafuta yamezidi. Pete isipokuwepo kabisa na kauri inang'aa kama imeoshwa, mafuta yamepungua, usikimbize tena kabla hujaongeza jeti. Sasa tazama ule mkono wa chuma uliopinda juu ya kauri. Kuna mahali rangi inabadilika kwa joto. Ikibadilika kwenye kona ya mpindo, taimingi iko karibu. Ikiwa huku kwenye ncha, taimingi imechelewa. Ikishuka hadi karibu na shina, imetangulia mno. Mwisho, tafuta vidoti vyeusi kama vumbi la pilipili manga juu ya kauri, au vya kumetameta. Hivyo vya kumetameta ni alumini ya pistoni yako. Ukiviona, shusha digrii 4 na uongeze jeti, bila kubishana.

9. Shusha jeti kuu saizi moja moja. Silinda zote kwa pamoja, taimingi usiguse. Hukumu kwa spidi ya mwisho wa mstari, si kwa muda. Muda unaharibiwa na kuondoka vibaya, tairi kuteleza, gia kuchelewa. Spidi ya mwisho inasema nguvu. Spidi ikipanda, shusha tena. Ikigoma au ikishuka, rudi saizi moja juu na ubaki hapo. Ukiwa na kipimo cha oksijeni, lenga 12.5 hadi 12.8 gari likiwa limekanyagwa mwisho, na usiruhusu kuvuka 13.2.

10. Pandisha taimingi digrii 2 kwa 2. Sasa jeti usiguse. Kutoka 28 nenda 30, kimbiza mara mbili, soma plagi. Injini nyingi za vali mbili kwa silinda zinatulia kati ya 32 na 36. Ukiongeza 2 na spidi isipande, rudisha hizo 2. Usibaki nazo kwa sababu tu hazikuleta madhara. Digrii zisizoongeza spidi zinaongeza joto, na mchana wa Dar zitakuja kudai. Hedi iliyokatwa sana inapandisha kompresheni, hivyo huenda ukakomea 30, na hiyo ndiyo namba yako.

11. Malizia na jeti ya hewa. Hii inafanya kazi zaidi kwenye mizunguko ya juu. Ikiwa katikati gari linavuta vizuri lakini juu limelegea na plagi zina masizi, ongeza jeti ya hewa. Likiwa kavu juu, punguza. Saizi tatu za jeti ya hewa ni sawa na saizi moja ya jeti kuu, kwa makadirio. Baada ya hapo rudia hatua ya 10 mara moja, kwa sababu mafuta yakibadilika, taimingi inayofaa nayo inasogea kidogo.

Badilisha kitu kimoja kwa kila mbio. Ukigusa jeti na taimingi pamoja, hutajua kipi kimekusaidia, na mbio zako mbili zijazo zitakuwa za kukisia.

Na tafadhali usitune kwa sikio. Ekzosi ya wazi inafunika mlio wa kugonga kabisa. Gari lenye mafuta pungufu huwa na sauti kali inayopendeza, na watazamaji wanalishangilia.

Likisumbua

Linajikwaa au kufa unapokanyaga ghafla kuondoka. Zima injini, toa chujio, chungulia kwenye koo huku msaidizi akikanyaga mafuta. Petroli iruke pale pale. Ikichelewa, pampu ndogo ya kabureta imechoka au vali yake imekwama. Ikiruka vizuri lakini gari bado linajikwaa, ongeza jeti ya pampu. Likitoa moshi mweusi wakati huo, punguza.

Gia ya kwanza na ya pili linavuta, ya tatu linalegea. Bakuli la floti linakauka. Rudi hatua ya 4, kisha angalia chujio la mafuta na kipumulio cha tangi.

Linamisi juu, na kubadilisha jeti hakubadilishi kitu. Huo ni umeme. Punguza mwanya wa plagi, angalia pointi, koili, kifuniko cha distributa na waya. Unyevu wa Dar unaleta ukungu wa kijani kwenye vituo vya kifuniko, usafishe.

Linarudisha moto kwenye kabureta. Mafuta yamepungua, au waya zimepishana. Mpangilio wa 5K ni 1-3-4-2.

Likipata moto stata inagoma kama betri imekufa. Taimingi ya mwanzo imetangulia mno. Distributa yako inaongeza digrii chache, hivyo ili kufika 34 juu umelazimika kuanza na nyingi chini. Itafutie springi na vizuizi vinavyofaa.

Linachemsha baada ya kushusha taimingi. Cheche ikichelewa sana, moto unaendelea kuwaka vali ya ekzosi ikiwa inafunguka, na joto lote linaingia kwenye hedi na maji. Hakikisha alama za puli kwanza, huenda uko 20 ukidhani uko 28.

Plagi zinaiva kupita kiasi hata jeti zikiwa sawa. Weka plagi ya baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka, kwa hatua moja. Kwa NGK na Denso namba kubwa ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, na madukani Kariakoo watu huchanganya.

Plagi tatu sawa, moja nyeupe. Usiongeze jeti zote kwa ajili ya silinda moja. Badilishana jeti za silinda hiyo na jirani yake ukimbize tena. Weupe ukihama, jeti ina uchafu. Ipulize kwa hewa, usiichokonoe kwa waya. Usipohama, hewa inavuja kwenye manifoldi ya silinda hiyo. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa sailensa, usitumie petroli, na usikilize pale mlio unapobadilika.